Utepe wa Kijani

Dobi aliuona utepe kabla hajaingiza ufunguo kwenye kufuli la duka lake. Ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la Mama Miwani, mashati sita yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, mikono imekunjwa mgongoni, kila moja limefungwa utepe wa kijani.

Utepe wake yeye ulikuwa bado umo mkobani, haujakatwa hata kipande.

Haikuwa mara ya kwanza. Alipoanza kushona vifungo vilivyokatika bila kumtoza mteja, wiki iliyofuata Mama Miwani naye akaanza. Alipopanga kupeleka nguo majumbani kila Jumamosi, baiskeli ya Mama Miwani ilikuwa barabarani Jumamosi hiyohiyo. Mwanamke ambaye juzijuzi tu alikuwa akifulia kwenye mabeseni mawili na kuwarudishia watu soksi zisizofanana, sasa alikuwa na foleni mlangoni. Wengine kwenye foleni ile walikuwa wateja wa dobi. Wakipita mbele ya duka lake walijifanya wanaangalia simu.

Basi akaanza kumchunguza kila mtu. Alimshuku muuza sabuni. Alimshuku fundi wa mashine, ambaye alitumia saa nzima kukaza skrubu moja. Wateja aliwajibu kwa mkato, hadi mmoja akamuuliza kama anaumwa jino.

Mumewe ndiye aliyemtuliza. Alikuwa mtu mpole, mwenye kazi yake ya kuzunguka maofisini, na haikupita jioni bila yeye kuuliza duka limeshindaje.

"Unahangaika bure, mke wangu," alimwambia wakila. "Muuza sabuni atajuaje mipango yako? Yule mama si mchawi. Kuna mtu anampelekea habari. Nani anajua unachotaka kufanya kabla hujakifanya?"

Dobi aliacha kula. Dukani alikuwepo mtu mmoja tu: mdogo wake, tumbo moja, aliyeshika pasi tangu siku duka lilipofunguliwa. Kulikuwa na wateja waliosema waziwazi, shati langu apige yule mdogo.

"Yule hawezi," alisema.

"Sijasema anaweza. Nasema mjaribu. Mtajie jambo moja, yeye peke yake, halafu kaa utazame. Ukiwa dukani huna mdogo, una mfanyakazi. Ukishindwa kutofautisha hayo, funga tu upumzike."

Maneno yalimchoma, lakini aliyaona yana akili, wakachagua pamoja jambo la kumtajia. Ijumaa alimnong'oneza mdogo wake habari ya utepe, wa kijani, kuanzia Jumatatu, na asimwambie mtu. Mdogo wake alifurahi mpaka akapiga makofi.

Na leo ndiyo Jumatatu.

Mdogo wake alifika akiimba, chupa ya chai mkononi. Dobi hakuitikia salamu. Alinyoosha kidole ng'ambo.

"Nani amemwambia?"

"Amemwambia nani, dada?" Kisha naye akauona. "Ala! Si ndio utepe wetu ule?"

"Niliyemwambia hapa ni wewe tu."

Mdogo wake alimtazama akingoja acheke. "Mimi, dada? Mimi nikuuze wewe?"

"Weka funguo mezani."

Hakuapa wala hakupiga kelele. Aliweka funguo, akaiacha na chupa ya chai, akatoka akijifuta macho kwa kiganja. Dobi alifanya kazi peke yake kutwa nzima, akaunguza kola mbili, na kila alipoinua macho kumwomba mtu amshikie upande wa pili wa shuka, hapakuwa na mtu. Alimchukia mdogo wake, na alimtaka arudi. Jioni mumewe alimshika bega akamwambia amefanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulikwepa mpaka wanafilisika.

Alhamisi akamwona mdogo wake. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya Mama Miwani, pasi mkononi, anapiga shati la mtu.

Dobi alivuka barabara bila kutazama magari.

"Kumbe!" alifoka akiwa mlangoni. "Kumbe ulikuwa unakula huku na huku!"

Mdogo wake aliinamia pasi yake. Aliyejibu ni Mama Miwani, mwanamke asiyejua kuficha kitu, hasa kile kinachomfurahisha.

"Jirani, usimwonee mtoto wa watu. Kabla ya jana alikuwa hajakanyaga hapa. Mimi nimemchukua wewe ulipomtupa."

"Na utepe? Uliota?"

"Nina mshauri wangu wa biashara. Anakuja kila Alhamisi kwa mlango wa nyuma, ananifundisha, namlipa vizuri. Vifungo, yeye. Baiskeli, yeye. Utepe, yeye." Alipandisha miwani puani. "Hata huyu mdogo wako. Nilitaka kumrubuni tangu mwezi uliopita, akanizuia. Akasema tulia, mama, usimwage hata senti, dada mtu atamfukuza mwenyewe."

Dobi alimgeukia mdogo wake.

"Tena huyo anaingia," Mama Miwani alisema kwa furaha. "Muulize mwenyewe."

Mshauri alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, faili kwapani, shati lake jeupe limenyooka kuanzia kola hadi pindo. Dobi alilijua. Alilipiga pasi yeye mwenyewe asubuhi ile, mumewe akiwa amesimama kando kifua wazi, akisubiri kulivaa.