Boksi Chini ya Injini

Pua alikuwa amelala chali chini ya pikipiki ya Mwalimu, kipande cha boksi kimemfunika uso, akinusa. Hilo ndilo lililompa jina. Mafundi wengine huuliza pikipiki inaumwa nini. Yeye hunusa, akakwambia hii ni oili ya injini, hii petroli, na huu ni mkojo wa paka, usinipotezee muda.

"Zote mbili," alisema akijivuta kutoka chini. "Oili na petroli. Tena."

Mwalimu akajipiga paja. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na hakuzoea swali linalokataa jibu. "Na Jumamosi ndiyo safari, fundi!"

Mtaa mzima uliijua safari hiyo. Siku walipooana, Mwalimu alimchukua mkewe kwao milimani akiwa amempakia kwenye pikipiki hiyohiyo, akamwahidi kwamba siku akistaafu atampeleka tena kwa njia ileile na chombo kilekile. Miaka thelathini na sita ikapita. Mwalimu akastaafu. Mkewe, mkunga aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa, naye akastaafu. Begi likafungwa, likawekwa mlangoni, na wiki hiyohiyo pikipiki ambayo haikuwahi kudondosha hata tone ikaanza kuvuja.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu. Pua alikuwa na utaratibu wake: anaosha injini mpaka ing'ae, anaipaka poda ya watoto pande zote, anatandika boksi safi chini, kisha asubuhi anasoma. Poda ilipolowa ndipo ugonjwa ulipo. Lakini pikipiki hii ilikuwa na kichaa chake. Boksi lilikuwa na matone kila asubuhi, na poda ilikuwa kavu kama ilivyotoka koponi.

Alibadilisha gasketi. Akabadilisha sili, koki, mpira wa petroli na sindano ya kabureta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, aliwaambia, akaziba nyufa zote, hata zile ambazo hazikuwapo. Kinyozi wa jirani akamwuliza kama pua yake imeshikwa na mafua. Maneno hayo yalimuuma kuliko alivyotaka kuonyesha.

Mkunga alitoka na chai. Alishika kwanza nguzo ya baraza, akashusha mguu mmoja, akapumzika, ndipo akashusha wa pili.

"Ganzi tu," alisema kabla hajaulizwa. "Vipi, mwalimu wangu, Jumamosi ipo?"

"Ipo, mke wangu! Kwa nini isiwepo? Mimi niko tayari hata leo."

"Na mimi tangu juzi."

Wakacheka wote wawili. Pua akawaonea wivu. Mkewe yeye hakukubali kupakiwa hata hadi sokoni.

Mwalimu alipoingia ndani kutafuta miwani, ambayo ilikuwa kichwani kwake, Mkunga alimsogelea fundi. "Baba, kazi yako usiikimbize. Haraka haraka haina baraka."

"Leo Alhamisi, mama. Nisipoikimbiza, mtaenda na nini?"

Mkunga alikusanya vikombe.

Alasiri wenye nyumba walikwenda kumjulia hali mgonjwa, na Pua, kwa hasira, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifungua nati ya chini, akamwaga oili yote kwenye dumu. Akamwaga petroli ya kwenye tangi. Akafungua bakuli la kabureta, akalikausha kwa kitambaa. Akatandika boksi jipya, akaondoka na madumu yake bila kumwambia mtu. Barazani aliacha vitu vyake vya siku zote: kikopo cha oili, na chupa ya petroli ya kuoshea vyuma. Chupa aliiona imepungua. Petroli hupaa, alijisemea.

Asubuhi alimkuta Mkunga ameshamaliza kufagia uwanja na Mwalimu amesharudi kutoka matembezi yake ya alfajiri. Aliamkia, akapiga magoti, akavuta boksi.

Matone manne ya oili. Kando yake doa la petroli, bado bichi.

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza. Alingoja mpaka Mkunga alipoingia jikoni, kisha akamshika Mwalimu mkono, akamsogeza nyuma ya pikipiki.

"Mzee wangu, jana niliimwaga yote. Injini hii haina oili hata ya kulainisha bawaba."

Mwalimu akautazama mlango. Uso wake ukawa wa mwanafunzi aliyekamatwa akiibia mtihani.

"Usimwambie, mwanangu. Macho haya siku hizi tuta naliona nikishalipanda. Nitakuja kumuua njiani. Lakini amesubiri miaka yote hiyo, nitaanzia wapi kumwambia siwezi? Basi kila alfajiri nikitoka, nachukua kile kikopo chako, nadondosha matone mawili matatu."

Hasira zote zikamtoka Pua. Alimhurumia mzee huyu mpaka akashindwa kumtazama.

"Na petroli?"

"Petroli ipi?"

"Ya kwenye boksi, mzee."

"Naapa, fundi, mimi ni oili tu. Petroli nilijua inavuja kweli."

Mkunga akatoka na chai, akashika nguzo, akashuka mguu mmoja mmoja.

"Haya, fundi, tupe habari," alisema kwa uchangamfu. "Imepona? Maana mwenzangu huyu, safari hii ndiyo roho yake."

Pua akapokea kikombe, akakiinua hadi mdomoni, kisha akakishusha taratibu bila kunywa. Mshikio wa kikombe ulinuka petroli.