Muhanga Atangaza Shimo

Muhanga alikuwa anachimba shimo ili mkewe azalie humo kabla ya masika. Kila asubuhi alipanda kichuguu akatangaza, "Wadau, apdeti ya leo: asilimia arobaini!" Wanyama wakapiga makofi, kila mmoja palepale alipo. Ngiri tu, asiyejua kuchimba wala kuona haya, ndiye aliyekuja hadi shimoni.

"Bosi, unatisha! Mlango utaelekea wapi? Utamaliza lini?"

Muhanga akamwambia yote. Si shabiki huyo?

Siku ya asilimia mia, Muhanga alihutubia kichuguuni mpaka jua likawa la utosi. Aliporudi, alikuta Ngiri ameshaingia kinyumenyume, meno yamechomoza mlangoni.

"Toka kwangu!"

"Kwako, mzee? Una cheti?"

Muhanga akawakimbilia wanyama. "Nyinyi ni mashahidi! Mliniona nikichimba!"

"Tulikusikia," akajibu Twiga. "Kuona, hatukuona. Hata shimo lenyewe hatujui liko wapi."

Radi ikapiga. Muhanga akaanza shimo jingine huku akilalamika kwa sauti ya juu.

"Chimba, mume wangu," mkewe akamwambia. "Na huo mdomo ufunge, utaingia udongo."