Kiti cha Dereva

Kila alipokwenda uwanja wa ndege kumpokea mumewe, aliyekuwa akiliacha gari maegeshoni hapo kila safari, Mwanakheri alikuta kiti cha dereva kimesogezwa mbele kabisa.

"Ni wale vijana wanaoegesha magari," Shaweji, mrefu kama mkewe, alikuwa akisema.

Leo roboti bapa la maegesho lilikuja taratibu, limelinyanyua gari lao kwa matairi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Shaweji.

"Vijana wako wapi?"

"Waliondolewa. Hili halifungui hata mlango," Shaweji alijibu kwa fahari. "Unavyoliacha gari ndivyo unavyolikuta."

Mwanakheri akachungulia dirishani. Kiti kilikuwa kimekaribia usukani.

"Nipe ufunguo, Baba Nasra."

Akajibana ndani, magoti yakagota usukani. Hakukirudisha kiti nyuma. Alikaa hivyo hivyo, akipima miguu ya mtu asiyemjua.