Pete Iliyoangukia Bustanini

Kitu cha kwanza Tessa alichokiona ni viatu. Bi Verna alishuka garini na gauni jeusi la msibani, lakini miguuni alikuwa na viatu vya kiume, vya kazi, vinavyompwaya. Kamba ya kushoto ilikuwa imekatika na kuungwa kwa fundo.

Tessa alilitazama lile fundo mpaka aliposemeshwa.

"Wewe ndiye uliyepiga simu?" Bi Verna aliuliza. "Mbona mdogo hivi?"

"Ni mimi, mama," alisema Tessa, akarudisha macho kwenye mashine yake ya kusakia vyuma ardhini. Suruali yake ilikuwa imelowa magotini kwa umande.

Tangazo la pete iliyopotea alikuwa amelisoma dukani, mlangoni. Jumamosi iliyopita Royce, mume wa Bi Verna, alianguka papa hapa bustanini, karibu na jukwaa la bendi, mashine ya kusakia sarafu ikiwa mkononi. Moyo ulikuwa umesimama. Hospitali walimkabidhi mjane saa, pochi na senti chache zenye udongo. Pete ya ndoa haikuwemo. Leo sanduku lingefungwa saa sita mchana, na Bi Verna alikuwa ameapa kuwa halitafungwa kidole kikiwa kitupu.

Wasaka sarafu wa mji ule wana desturi yao. Sarafu ni ya aliyeiokota. Pete yenye mwenyewe hutafutwa bure, na ikipatikana hurudishwa.

"Alikuwa amekonda tangu baridi ianze," Bi Verna alieleza. "Pete ilikuwa inacheza kidoleni. Imedondoka tu."

Dada yake, Nadine, alikuwa ameegemea gari, kikombe cha kahawa mkononi. "Miaka yote hiyo haijadondoka, ije idondoke siku hiyo? Pete huwa inavuliwa, Verna. Muulize yule mume wangu wa kwanza."

"Nadine, tuko msibani."

"Wewe uko msibani. Mimi niko bustanini, nalowa miguu."

"Naomba mkae pale kwenye benchi," Tessa alisema upesi, kama aliyekariri. "Mna vyuma mwilini. Mashine inachanganyikiwa."

Wakaenda kukaa. Tessa akaanza kupitisha mashine juu ya majani, kushoto, kulia, taratibu. Ikalia. Akakata majani kwa kisu, akayafunua na udongo wake, akatoa kile kidude cha kufungulia kopo la soda. Akakitia mfukoni, akafukia. Hatua chache mbele, kidude kingine. Kisha kingine.

"Huyu anatafuta pete au anafagia bustani?" Nadine alicheka.

"Hivi na dhahabu vinalia sauti moja," Tessa alisema bila kugeuka. "Ukiviruka hivi, na pete utairuka."

"Royce alikuwa anasema hivyo hivyo!" Bi Verna alinyoosha shingo. "Ameacha mtungi mzima wa hivyo vidude kule gereji. Nani amekufundisha wewe?"

Tessa alikuwa anashindilia majani kwa kisigino.

"Kila Jumamosi, alfajiri," Bi Verna aliendelea, sasa akimwambia dada yake. "Nikisema ngoja nikukaangie mayai, anasema atakula huko huko. Hakunywa pombe, hakufuata wanawake. Sarafu tu. Wewe ukicheka, mimi nashukuru. Wangapi wamepata mume wa hivyo?"

Nadine akapuliza kahawa yake.

Karibu na ngazi za jukwaa mashine ililia tena. Tessa alipiga magoti, akiwapa mgongo. Alikata majani pande tatu, akayainua kama kifuniko, akatia mkono. Alikaa hivyo kwa muda.

"Mama," aliita. Sauti haikufika kwenye benchi. Akaita tena.

Bi Verna alikuja mbio, viatu vikimvuka. Alipiga magoti kwenye tope na gauni lake la mazishi, akaitemea pete mate, akaisugua kwa kidole gumba mpaka majina mawili yakaonekana kwa ndani. Alilia. Kisha akacheka na machozi yake, akaiinua juu.

"Haya, Nadine! Sema tena! Imevuliwa hii?"

Nadine aliweka kikombe chini. "Nimekosa," alisema. "Na Royce anisamehe huko aliko."

"Nilijua mimi. Nilijua!" Bi Verna alifungua mkoba, akatoa noti. Tessa akarudi nyuma, mikono mgongoni.

"Hela hutaki. Basi unataka nini, mwanangu? Umenirudishia mume wangu. Sema chochote."

Tessa alikifuta kisu chake kwenye suruali.

"Naomba nije kumuaga."

Dada wawili walitazamana. Bi Verna akamfuta Tessa tope shavuni kwa leso, polepole, jinsi mtu anavyomfuta mtoto kabla ya kumnyima kitu.

"Una moyo mzuri, mpenzi. Lakini tumesema wanaingia wa damu yake tu. Na hao wenyewe wako wapi? Hakuacha hata mtoto. Ni mimi na huyu." Akaiviringisha pete kwenye leso. "Nenda nyumbani ukabadili hizo nguo, utaugua."

Wakaanza kuelekea kwenye gari, wameshikana mikono. Bi Verna alikuwa bado anacheka.

"Haikudondoka hapa," alisema Tessa, na safari hii sauti ilitoka yote. "Nimeifukia mimi, leo, kabla hamjafika. Kila Jumamosi alikuwa akiivua kwetu, anaiweka kando ya sinki, ndipo anakaa mezani na mama. Jumamosi iliyopita baba aliisahau."