Bangili za Siwema na Haruni

Watoto walisomea nyumbani, kila mmoja na bangili mkononi iliyohesabu saa za kazi na za masomo. Sheria ilitaka kaka na dada walingane kwa saa hizo. Mwanakheri, mama wa watoto wawili, akapata njia: Siwema alipopika na kufua, alivaa bangili yake na ya kaka yake Haruni. Haruni alipodurusu, alizivaa zote mbili yeye.

"Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu," Mwanakheri alimwambia bintiye. "Wewe shika jiko."

Mwisho wa mwaka ikaja hati ya pongezi: Siwema, saa mia nane za masomo. Mwanakheri akaitundika sebuleni kwa fahari.

Siwema alikausha mikono kwa kanga, akaisogelea, akapitisha kidole juu ya maandishi.

"Mama," aliuliza, "wameandika nini?"