Kiti Kilichobaki Wazi

Rimu mpya ziling'aa, na tairi pana zilijaa mpaka chini ya madigadi. Fundi Zuhra alilishusha gari hilo, likakaribia ardhi, kwa mikono yake, wala hakuwa na wasiwasi. Lakini gerejini kwake gari lililoshushwa halimfikii mwenyewe kabla ya kujazwa watu na kuzungushwa, tairi isije ikala bodi kwa kuikwaruza. Mafundi watatu wakaingia. Nafasi moja ikabaki.

Mlangoni alisimama baba yake, Mzee Mbaruku, na kikapu cha chakula cha mchana. Tangu binti yake ashike spana, hakuwahi kupanda gari lililopita mikononi mwake.

"Baba, ingia utuongezee uzito."

"Kwenye hili linalotambaa kama kenge?"

"Hilohilo. Na tairi hazitagusa bodi."

Mzee alivua kofia, akainama, akaingia.

Zuhra alikata usukani kulia mpaka mwisho, akaukata kushoto, kisha akavuka tuta la barabarani bila kusitasita. Hakuna kilichokwaruza.

Waliporudi, mafundi walishuka wakishangilia. Mzee alibaki palepale, kikapu mapajani. Akauvuta mkanda wa kiti, akaufunga, akatazama mbele, akingoja kuzungushwa tena.