Kidau cha Wanja

"Yeyusha vyote, fundi. Mfalme anataka baragumu lake jipya lilie Ijumaa," askari alisema, akimwaga gunia la vyombo vya shaba vilivyotekwa kutoka mji wa jirani.

Kati ya masinia, Bwanaheri aliona kidau cha wanja alichomfulia bintiye, Mwanamize, alipoolewa huko.

"Wenyewe wako wapi?"

Askari alicheka. "Viulize vyombo, mzee."

Akabaki mlangoni, mkono kwenye upanga. Bwanaheri alikifumbata kidau mpaka kikapata joto la kiganja. Kisha akasema bismillahi, akakitia motoni.

Ijumaa baragumu likapulizwa mbele ya mfalme. Watu wote waliinamisha vichwa. Bwanaheri peke yake aliinuka, akaigeukia ile sauti, akaitika:

"Naam, mwanangu."